Nyasi za Bibi Milembe

Mwanza, huku kandokando ya ziwa
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya chumba changu, miguu nimeiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi, maana wiki hii imenitembeza. Magoti yako yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi ilifika, au iliishia kwenye magoti ya konda? Na kifua je? Kaka aliniambia baridi ya mwezi wa sita ilikupita ukikohoa, ingawa wewe mwenyewe kwenye simu ulisema "mzima kabisa" kwa sauti ya mtu aliyetoka kupandisha mlima na ndoo kichwani. Mimi ni mzima. Nimechoka, lakini ni mzima.

Wifi Editha, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Soma polepole, na usiruke mahali. Ukikuta mstari wa kumuudhi, usome vilevile. Nakufahamu wewe, barua ya mwaka juzi niliyoandika kwamba naumwa malaria ulimsomea kwamba naendelea na kazi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani ikilia inawekwa sauti ya juu, na kabla sijamaliza salamu nasikia watu sita wakiniitikia marahaba. Habari hii si ya watu sita. Tena kwenye simu ningelia, ungeniambia nyamaza, ningenyamaza, na ungebaki hujui kitu. Barua anakuletea Mwalimu Batista, yule wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akifundisha huku. Uhamisho wake umetoka, anarudi kwetu. Mpe chakula, na kitenge anacho kwenye begi lake, ni chako. Ila usimwulize mimi narudi lini. Anajua, na ataona haya kukujibu.

Sasa nakwambia mwenyewe. Uhamisho wangu hautatoka, Mama. Si mwaka huu, na mwakani siutegemei. Hakuna aliyeninyima. Nimeuzuia mimi kwa mdomo wangu, mbele za watu, Jumanne iliyopita. Najua tangu Baba atuache umekuwa ukinihesabia miezi. Najua chumba cha upande wa migomba kimepakwa chokaa. Ndiyo maana nataka usikie habari yote kuanzia mwanzo, halafu uamue wewe kama nimekosa mara moja au mara mbili.

Unakumbuka miaka sita ya kwanza nilikuwa Ukerewe, kisiwani. Kule kila kipande cha ardhi kina mhogo au kina mtu. Nilipohamishiwa huku bara, kwenye kata hii ya Wasukuma, nilikuta nchi pana, mawe makubwa yamepandana, ng'ombe wengi, na watu wapole wanaosalimia kwa muda mrefu kabla hawajasema shida yao. Kazi ni ileile ya bibi shamba: vijiji vinne, viwavi kwenye mahindi, pamba isiyotaka kufunguka, na pikipiki ya serikali ambayo mwezi wa tatu sasa iko kwa fundi. Natembea. Mtu wa milimani natembea tambarare na bado naishiwa pumzi, usinicheke.

Mambo yalianzia kwa vijana. Kuna kikundi cha vijana kama kumi na wanne, kiongozi wao anaitwa Shija, kijana mchapakazi, mwenye maneno mengi lakini mikono yake nayo haikai. Walikuwa wakilima nyanya na kabichi ufukweni kabisa, wanachota maji ziwani kwa ndoo. Sheria inakataza kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji, kwa sababu udongo na dawa vyote vinaishia ziwani. Nikatumwa kuwaondoa. Nilipigilia vigingi mwenyewe, Mama, juu ya matuta ambayo mwenyewe niliwafundisha kuyainua. Shija akaniuliza, "Sasa bibi shamba, twende wapi?" Nikamjibu, kijiji kinapanga matumizi ya ardhi, mtapata pengine. Nilimwahidi bila kuwa na kitu mkononi.

Kupanga matumizi ya ardhi ndiko kukanileta hapa nilipo. Ilikuwa masika yangu ya kwanza huku. Nikapewa kazi ya kuzunguka kijiji kizima na kuandika kila eneo linafanya nini: makazi, mashamba, malisho, msitu, na yale yasiyotumika. Nilizunguka na wazee wawili wa kamati, mvua inanyesha, simu ya kupimia nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, matope yanavuta viatu. Tukafika mahali nyasi zimenifika kifuani. Hakuna uzio. Hakuna alama hata moja ya ukwato. Jembe halijapita. Migunga imesimama hapa na pale, na pembeni mstari wa minyaa mikongwe.

Mama, wewe unajua nilichokiona pale. Niliona shamba la kwetu linalosubiri mashimo ya ngoro. Kwetu nyasi zikisimama vile, ama mwenye shamba anaipumzisha ardhi mpaka wanaume wafyeke, walaze nyasi kwa miraba, na sisi wanawake tufukie udongo juu yake tupande maharage, ama mwenyewe amekufa na watoto wako Songea. Nikatazama kushoto na kulia, sikuona dalili ya kufyeka. Nikasema huyu ni wa pili. Nikaandika: "Pori. Halitumiki." Nikapima pembe zake nne, tukaendelea, kwa sababu nguo zilikuwa zimelowa na nilikuwa na njaa.

Wale wazee wawili walikuwa hapo hapo. Hawakusema neno, na siwalaumu. Nani angemwambia bibi shamba kwamba hiyo ni ngitili? Ni kama kumwonyesha padri altare. Waliniona napima, wakadhani ninaipima ngitili kama ngitili.

Ngoja nikueleze ngitili ni nini, maana hata mimi nilikuja kuelezwa nikiwa nimeshaharibu. Msukuma mvua zikianza anachagua kipande cha malisho yake anakifunga. Hakifungi kwa waya wala miiba. Anasema tu kimefungwa, na kijiji kizima kinajua mpaka unapita kwenye mti gani na mnyaa gani. Ng'ombe haingii humo masika yote, hata mbuzi. Nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, nchi yote imekuwa vumbi na ziwa linatazamwa tu, ndipo mwenyewe anaifungua. Wanaanza maksai, ng'ombe wa maziwa na ndama. Hiyo ndiyo akiba yao. Kwa hiyo siku ile nilipokuta nyasi ndefu zisizo na ukwato, nilikuta ghala limejaa nikaandika nyumba haina mtu.

Ghala hilo lilikuwa la Bibi Milembe. Ni mjane, mkubwa kwako kidogo nadhani, anatembea wima, fimbo anaibeba kwa heshima zaidi ya kuiegemea. Ana mtoto mmoja wa kiume, Masanja, mtu mzima mwenye familia yake. Na alikuwa na ng'ombe tisa.

Ramani ilipokamilika ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, ili mwenye malalamiko aje aseme. Kila matumizi yalikuwa na rangi yake, na yasiyotumika niliyapaka njano. Bibi Milembe alikuja, Mama. Hakukaa nyumbani kama watu walivyokuja kusema baadaye. Alikuja, akamwomba karani amwonyeshe kwake ni wapi, karani akamwekea kidole. Akaona kipande chake kimepakwa rangi nzuri, kimezungushiwa mstari vizuri, akafurahi. Aliamini serikali imeandika ngitili yake. Alirudi nyumbani akamwambia Masanja kwamba sasa hata yeye akifa hakuna wa kuigusa. Hayo nimeambiwa na Masanja mwenyewe, na aliyasema bila hasira, ndiyo maana yaliniuma.

Siku za malalamiko zikapita, hakuna aliyelalamika. Kijiji kikakaa, kikatazama njano, kikawapa vijana wa Shija waliofukuzwa ufukweni. Nilifurahi mno. Nikajiona nimetimiza ahadi. Walikata migunga, wakaleta trekta likapindua ardhi, wakavuta bomba la maji, nami nikaenda kuwafundisha nafasi za miche. Bibi Milembe hakujua: ngitili iko mbali na kwake, ikishafungwa haendi mpaka siku ya kuifungua, na waliojua ni yake walidhani ameridhia kwa kuwa hakulalamika.

Ilikuwa mwezi wa nane, jua kali, saa nne hivi asubuhi. Tumeinama kwenye mistari na kamba, nikasikia kengele za ng'ombe. Nikainuka. Bibi Milembe anakuja mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani, kwa sababu siku ya kufungua ngitili ni sikukuu kwake. Nyuma ng'ombe tisa, na nyuma yao Masanja. Akafika kwenye mnyaa wa mpakani akasimama.

"Mwangaluka," akatusalimia kwa Kisukuma.

Tukaitikia. Wale vijana wakavua kofia, maana ni bibi yao wote. Akaangalia udongo mwekundu, akaangalia visiki vya migunga, akaangalia miche. Kisha akanitazama mimi.

"Bibi shamba," akasema, "nyasi zangu mmezipeleka wapi?"

Mama, sijawahi kuulizwa swali namna hiyo. Shija ndiye aliyejibu, akamwambia kwa heshima kwamba hapa tumepewa na kijiji, bibi, ramani ipo. Akajibu, "Ramani nimeiona. Si mmeandika ni yangu?" Ng'ombe nao hawakusubiri mazungumzo. Kila mwaka huingia pale, wakaingia, wakatembea juu ya miche wakinusa udongo, hawaelewi. Vijana wakaokota fimbo. Bibi Milembe akasema, "Msiwapige. Wamezoea hapa." Masanja akawatoa mmoja mmoja kwa mluzi, ilichukua muda mrefu, na sisi tumesimama tu.

Jioni yake nilikwenda nyumbani kwake. Nilidhani nitafukuzwa. Nilipewa kigoda na uji. Akanieleza habari ya kufunga na kufungua kama mtu anayemweleza mtoto wa shule, hana haraka. Nikamwambia, bibi, nilipopita sikuona kinachofanyika pale, nikaandika halitumiki. Akasema, "Kufunga ndiyo kutumia, mwanangu." Basi. Niliukoroga ule uji kwa kijiko mpaka ukapoa.

Ukiangalia vizuri, hakuna kipande kilichofanya kazi kama kile. Maksai walionona pale ndio waliolima kwake na kwa majirani wawili wasio na ng'ombe. Kuni zilitoka kwenye matawi ya migunga ile, nyasi za kuezekea zilitoka pale, na maziwa ya watoto wa Masanja kiangazi. Mimi mwenye cheti cha kilimo ndiye niliyeandika halitumiki. Na kikundi cha Shija nacho hakina kosa. Wale ni vijana waliotaka kulima, nikawatoa kwenye makosa yao nikawaweka kwenye makosa yangu.

Kilichofuata sitakirefusha. Kiangazi hicho kilikaza. Masanja akawaswaga ng'ombe kwenda kwa ndugu zao mbali, kufuata malisho. Wawili walianguka njiani. Wanne wakauzwa wakiwa mifupa. Watatu ndio wapo, kwa kaka yake Bibi Milembe. Mwaka huu mvua zilipoanza, majirani wale wawili walilima kwa jembe la mkono, na wakalima nusu.

Bibi Milembe akapeleka shauri kwenye baraza la kata, lile la usuluhishi. Shija na wenzake wakapeleka ramani. Chini ya ramani pana saini yangu. Mwenyekiti wa baraza akaniandikia kwamba nifike nieleze.

Kabla ya siku hiyo mkuu wangu wa kazi aliniita mjini. Nikashuka stendi ya Buzuruga na vumbi langu, nikanawa uso kwenye bomba la mama lishe, nikaenda. Sitaki umchukie, Mama. Si mtu mbaya. Alifunga mlango, akaniagizia chai.

"Osmunda," akasema, "jina lako liko kwenye orodha ya wanaokwenda Mbinga, kwenu. Limekaa vizuri. Nimeliona kwa macho yangu."

Nikaona mlima wetu.

"Ila nasikia umeitwa barazani. Ukisema mbele za watu kwamba ramani ulikosea, itabidi nikuandikie barua ya kujieleza. Na mtumishi mwenye barua ya kujieleza mezani hahami. Sikutishi. Ni utaratibu, na wewe unaujua."

"Nisiposema?"

"Ramani itasema yenyewe. Bibi atapewa kipande kingine huko juu, yataisha."

Huko juu ni mawe matupu, na yeye anajua. Tukanywa chai. Kisha akaniuliza, "Mama yako ana miaka mingapi?" Nikamwambia sabini na minne. Akasema, "Basi fikiria." Na aliyasema kwa huruma, Mama, hapo ndipo pagumu. Angenigombeza ningejua la kufanya.

Nilipotoka pale nilipita madukani Mabatini nikanunua kile kitenge. Nilikinunua nikijua nitakuletea mwenyewe, nitakushoneshea kwa Mama Pia, tutaenda nacho misa ya Krismasi. Hii ndiyo sehemu ambayo Wifi asiiruke: nilikuwa nimeamua kunyamaza. Siku tatu nilitembea nikiwa nimeamua. Nilijiambia Bibi Milembe ana mtoto karibu yake, mama yangu hana. Nilijiambia nyasi zimeshakwenda, kusema hakuzirudishi. Nilijiambia kosa si la mtu mmoja, wazee wa kamati walikuwepo, karani alikuwepo, kijiji kizima kilipiga muhuri. Yote yalikuwa kweli, na bado nilikuwa silali vizuri.

Jumanne nikaenda. Ukumbi wa kata ulijaa. Bibi Milembe kakaa kwenye benchi la mbele, mikono kwenye fimbo. Mwenyekiti akaninyooshea karatasi.

"Bibi shamba, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na haya maneno, pori halitumiki?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la kwamba ramani ilifuata taratibu zote. Lilikuwepo kabisa mdomoni. Nikamwangalia yule bibi, naye hakuwa ananiangalia, alikuwa anatazama mlango, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati, asiyetegemea sana kwamba dawa ipo. Nikasema, "Maneno ni yangu, na si kweli. Ile ilikuwa ngitili iliyofungwa. Mimi sikuijua. Nilitoka kwetu ambako hakuna ngitili, sikumwuliza mtu, nikaandika."

Halafu mtu nyuma akasema, "Bibi shamba hajui ngitili?" na ukumbi ukacheka. Walicheka sana, Mama. Hata mjumbe mmoja wa baraza alijifunika mdomo. Nikasimama pale na cheti changu na miaka yangu minane, nikachekwa na watu ambao huwa nawafundisha. Shija peke yake hakucheka. Akainuka akasema, "Ulituondoa ziwani. Ukatuweka hapa. Ukatufundisha mpaka nafasi ya mche. Leo unatuondoa tena. Sisi tukushike wapi?" Swali lake ninalo mpaka leo naandika.

Wakasuluhishwa. Vijana watavuna nyanya zilizoko shambani, kisha watatoka. Kijiji kitawatafutia bondeni kwenye kijito, nje ya zile mita sitini, na safari hii nitazunguka na Bibi Milembe na wazee wengine, kila hatua nikiuliza hapa pana nini, hata pakiwa na jiwe. Ramani itachorwa upya na kupitishwa na mkutano wa kijiji. Bibi amerudishiwa ngitili yake. Watu walimpongeza wakanipita mimi mlangoni. Barua ya kujieleza imenifikia Ijumaa, fupi, ya adabu, na mkuu wangu ameisaini kwa kalamu ya bluu. Nina siku kumi na nne za kuijibu. Nitaandika nilichosema barazani, sina kingine.

Kwa hiyo ndivyo, Mama. Mwalimu Batista anarudi nyumbani, mimi nabaki. Nitakuja Krismasi kwa likizo, siku ishirini na nane, tutapalilia kahawa na nitafukia ngoro zako mbili tatu kama mikono haijasahau. Halafu nitarudi huku. Nimelia kwa ajili hiyo, sitaki ufikiri nimekuchagulia shida kwa moyo mwepesi. Natamani kuja. Natamani asubuhi nikusikie ukigombana na kuku. Wakati mwingine nakaa na watu hapa wanaongea, nami najikuta nawaza kama kuni umeletewa.

Kaka Desideri mwambie magunia ya kahawa asiyaweke sakafuni tena, ayainulie mbao, na asifyeke ile miti ya juu ya chemchemi hata nani akimwambia haina kazi. Wajukuu wako wote wasalimie, hasa yule aliyefaulu kwenda sekondari, daftari zake nimempa Mwalimu. Mjomba Kasiani wa mizinga ya nyuki mwambie asali ya huku ni nyepesi, haimfikii. Mama Pia fundi wetu wa nguo mpe heshima zangu, kitenge akishone mikono mirefu kwa ajili ya baridi. Katekista aniombee, hana haja ya kujua sababu. Wifi Editha, asante kwa kusoma mpaka hapa. Kaa karibu naye leo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nina salamu moja ambayo si yangu, nami nimeahidi kuifikisha.

Jana Bibi Milembe aliniita kule shambani. Akataka kujua nyasi zitarudi lini. Aliniuliza kama mtaalamu, baada ya yote yale. Sikutaka kumdanganya tena. Nikamwambia udongo umepinduliwa, mizizi mingi imekufa, lakini mbegu zipo chini. Vijana wakishavuna akafunga, asiingie hata mbuzi, zitahitaji masika tatu, labda nne. Migunga ni zaidi ya hapo. Akahesabu kwa vidole, taratibu. Akasema ng'ombe wake watatu ni wazee, hawatafika. Na yeye mwenyewe hajui. Nikadhani atasema basi tuache. Akasema, "Sehemu wasiyolima tuifunge leo. Atakayekuwepo atakula."

Tukazunguka mpaka wote, yeye mbele, akinionyesha miti na minyaa kwa fimbo, mimi naandika. Tulipomaliza akakaa chini kupumzika. Akauliza kama mama yangu yupo. Nikamwambia yupo, mbali sana, siku mbili kwa basi. Akauliza kama ananisubiri. Sijui nani alikuwa amemwambia habari ya uhamisho, kijiji hakina siri. Nikamwambia ndiyo, ananisubiri.

Akafuta udongo kwenye fimbo yake. Kisha akasema wabeja, ambayo kwao ndiyo asante. Nikamwambia, bibi, usinishukuru, mimi ndiye niliyekukosea.

"Sikushukuru wewe," akasema. "Wewe umesema tu. Mwandikie mama yako, umwambie Milembe anasema wabeja. Aliyetoa ni yeye."

Nimekuandikia, Mama.

Mwanao,
Osmunda